SOMO LA KIINGEREZA: MZIZI MMOJA, MANENO MENGI

 

Wengi wetu tulitoka Kongo na Kiswahili pamoja na Kifaransa. Hapa Uganda tumekuta fomu, matangazo na mahojiano kwa Kiingereza, na wazee wengine wamekwisha kusema kwamba kichwa chao hakishiki tena. Tusikate tamaa. Maneno mengi ya Kiingereza ni watu wa ukoo mmoja. Ukimjua babu yao, utawatambua wajukuu hata kama hujawahi kukutana nao.

UNDUGU HUU ULITOKA WAPI?

Kifaransa kilizaliwa na Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Kwa njia hiyo maneno mengi ya asili ya Kilatini yaliingia katika Kiingereza. Mengine yaliletwa baadaye na wasomi waliosoma vitabu vya Kilatini.

Leo tushike mzizi mmoja tu: PORT. Unatoka katika neno la Kilatini "portare", maana yake kubeba.

Sisi katika Kiswahili, kutoka "beba" tunapata bebea, bebana, bebesha na mbebaji. Kilatini nacho kilifanya hivyo, ila kiliweka kipande mbele ya mzizi, na mara nyingi kipande hicho kinakuonyesha mzigo unaelekea wapi. Tazameni:

1. "Import": im ni ndani. Kubeba kuingiza, kuleta bidhaa kutoka nchi nyingine.
2. "Export": ex ni nje. Kubeba kutoa, kupeleka bidhaa nchi nyingine.
3. "Transport": trans ni ng'ambo. Kubeba kutoka upande huu hadi upande ule, usafiri.
4. "Report": re ni kurudi. Kurudisha habari, kutoa taarifa. Ndiyo ripoti yetu.
5. "Support": sup ni chini. Kubeba kutoka chini, kama nguzo inavyobeba paa, kutegemeza, kusaidia.
6. "Deport": de ni kuondoa. Kumwondoa mtu katika nchi kwa amri ya serikali.
7. "Porter": mbebaji, mchukuzi wa mizigo.
8. "Portable": kinachobebeka, kama redio ndogo.

Angalieni sana namba 6. Kuna neno lingine, "depart", ambalo ni kuondoka tu, kama basi linavyoondoka stendi. Halimo katika ukoo huu. Yanatofautiana kwa herufi moja, lakini herufi hiyo moja inaweza kumkosesha mtu usingizi.

TAHADHARI KWA WANAOJUA KIFARANSA

Kifaransa kinatusaidia sana, lakini ndugu wengine wanafanana sura wakatofautiana tabia.

La kwanza ni "support". Kwa Kifaransa "supporter" mara nyingi ni kuvumilia. Kwa Kiingereza ni kusaidia au kutunza. Mama mmoja wa kwetu aliulizwa katika mahojiano ni nani anaye-support familia yake. Yeye akaelewa: ni nani anayewavumilia? Akajibu kwa moyo mweupe kwamba ni jirani, kwa sababu wanakaa naye kwa amani. Karatasi ikaandikwa kwamba jirani ndiye anayewatunza. Jirani mwenyewe alikuwa na watoto sita na jembe moja! Mama yule alirudi ofisini mara tatu mpaka jambo hilo likasahihishwa.

La pili ni "report". Kwa Kifaransa "reporter" huweza kuwa kuahirisha. Ukiona tangazo la Kiingereza linalokuambia "report" Jumatatu, usidhani kwamba shughuli imesogezwa mbele. Unaambiwa ufike mwenyewe siku hiyo na kujionyesha. Atakayebaki nyumbani atapitwa.

Basi mzizi utusaidie kukisia maana, lakini mbele ya afisa tusijibu kwa kukisia. Kama hukuelewa, omba swali lirudiwe, au omba mkalimani. Hiyo si aibu. Afadhali kuuliza mara mbili kuliko kusahihisha karatasi mwezi mzima.

PORT NYINGINE

Si kila PORT ni ya kubeba. Iko "port" ya bandari, kutoka "portus" ya Kilatini. Humo limo neno "airport", yaani uwanja wa ndege, na pia "passport", pasipoti yetu, iliyoundwa na Wafaransa kutoka kupita na bandari. Hata "opportunity", yaani nafasi nzuri, lilianzia kwenye upepo unaovuma kuelekea bandarini.

TUBEBEANE

Katika Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata, someni Wagalatia sura ya 6. Mstari wa 2 unatuagiza kubebeana mizigo, na mstari wa 5 unatukumbusha kwamba kila mtu anao mzigo wake. Mistari yote miwili inatumia kitenzi kile kile, "portare".

Tunaona mambo mawili hapo. Vijana mliosoma shule za huku, wasindikizeni wazazi wenu, wasomeeni matangazo na fomu. Huko ndiko kubebeana. Lakini msijibu kwa niaba yao mambo msiyoyajua. Habari ya maisha yake, mzazi aiseme mwenyewe. Huo ni mzigo wake.

ZOEZI

Familia nzima ikae pamoja, ifunike majibu, kisha itafsiri:

a) "She supports four children."
b) "Report to the office on Monday."
c) "Transport is free."

Majibu: (a) Anatunza watoto wanne. (b) Fika ofisini Jumatatu. (c) Usafiri ni bure.

Mungu awabariki, na awape kichwa chepesi cha kushika. Tukutane katika somo lijalo.