Kusafisha Vumbi katika Rejeta ya Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutambua dalili za rejeta iliyoziba, kuisafisha kwa usalama, na kujua ni lipi la kumwuliza fundi kabla ya kulipa.

Utangulizi

Katika kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kama ilivyo katika maeneo mengi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mvua hukatika kwa miezi kadhaa kuanzia Juni. Kipindi hicho vumbi la barabara huingia madukani kupitia milango inayobaki wazi mchana kutwa. Vumbi hilo huchanganyika na masizi ya mkaa na nyuzi za nguo, na unyevu unaotoka ziwani hulifanya ligande.

Kompyuta za kuhariri picha za harusi, kutengeneza mabango au kuchezesha michezo ya video hufanya kazi nzito, nazo hutoa joto jingi. Baadhi yake hupozwa kwa maji badala ya feni pekee. Mwenye kompyuta ya namna hiyo akipuuza vumbi, kazi ya mteja huweza kukatika njiani. Akikimbilia kwa fundi asiye mwaminifu, huweza kuuziwa pampu mpya ilhali kilichohitajika ni brashi na nusu saa ya uangalifu.

Mtambo unavyofanya kazi

Juu ya kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa, hukaa bamba la shaba na pampu ndogo. Pampu husukuma kimiminika kupitia mpira mmoja hadi kwenye rejeta, kisha kimiminika hurudi kwa mpira wa pili. Rejeta hiyo ni ndugu ya rejeta ya gari: ina vijibomba bapa, na katikati yake mapezi membamba ya bati. Feni hupitisha hewa katikati ya mapezi, na hewa huondoka na joto.

Ni vyema kuelewa kwamba kimiminika hakiondoi joto chenyewe. Kazi yake ni kulibeba kutoka kwenye prosesa na kulifikisha kwenye rejeta. Hewa isipopita, joto hukosa pa kutokea, hata kama pampu ni nzima. Aidha, mtambo huu hauwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Vumbi hujikusanya upande ambao hewa huingilia. Iwapo feni inasukuma hewa kuelekea kwenye rejeta, utando wa vumbi hukaa kati ya feni na rejeta, mahali pasipoonekana kwa nje. Kwa hiyo kasha linalong'aa si ushahidi kwamba rejeta ni safi.

Dalili, na namna ya kuzitofautisha

Dalili za kawaida ni feni kuvuma kwa nguvu muda wote, kompyuta kupunguza kasi inapopewa kazi nzito, na mwishowe kujizima yenyewe. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 ili zisiungue. Programu za bure za kupima joto zipo, na kompyuta nyingi huonyesha joto katika ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo kuwaka.

Vumbi na pampu iliyokufa huacha alama tofauti. Rejeta ikiwa imeziba, joto hupanda polepole kwa dakika kadhaa, na rejeta yenyewe huwa ya moto ukiigusa. Pampu ikiwa imekufa, joto hupanda ghafla mara tu baada ya kuwasha, ilhali rejeta hubaki baridi kwa sababu hakuna kinachoifikia. Mlaji anayejua tofauti hii si rahisi kudanganywa.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa bisibisi ya nyota, brashi laini mpya ya kupakia rangi, kitambaa kikavu, barakoa, kibakuli cha kuwekea skrubu, na kipulizio cha hewa cha mkono au kidogo cha umeme. Simu yenye kamera itasaidia kuweka kumbukumbu.

Hatua za usafishaji

1. Zima kompyuta kwa utaratibu wake, kisha chomoa waya wa umeme. Ikiwa imeunganishwa na UPS, ichomoe huko pia, kwa kuwa UPS huendelea kutoa umeme hata umeme wa ukutani unapokatika. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kumaliza umeme uliosalia.

2. Iache ipoe, kisha ipeleke barazani, kivulini, mahali pasipo upepo mkali. Usiilaze juu ya mchanga wala zulia. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani, ili umeme tuli wa mwilini usidhuru saketi.

3. Fungua ubavu wa kasha na upige picha ya mpangilio wa nyaya, feni na mipira. Usifungue kamwe kisanduku cha usambazaji umeme. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

4. Fungua feni za rejeta. Tenga skrubu ndefu na skrubu fupi. Skrubu ndefu hupita katika unene wa feni kabla ya kuingia kwenye rejeta. Ikikazwa mahali pa skrubu fupi huweza kutoboa kijibomba, na kimiminika kikamwagika juu ya saketi.

5. Elekeza kipulizio upande ambao hewa hutokea, ili vumbi lirudi lilikoingilia. Pulizia kwa vipindi vifupi, ukiwa umbali wa takribani sentimita 15. Vumbi lililoganda lilegeze kwa brashi, ukifuata mwelekeo wa mapezi. Ukiyakata mapezi kwa kupitisha brashi kinyume, yatalala na kuziba njia ya hewa.

6. Safisha feni kwa brashi huku umezuia mapanga yake kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa nguvu ya hewa huweza kuharibika, au kurudisha umeme kwenye saketi ikiwa bado imeunganishwa.

7. Kama kasha lina chujio, lioshe kwa maji na sabuni, na likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

8. Rudisha feni kwa mwelekeo wake wa awali kwa kufuata picha. Kaza skrubu kwa wastani. Washa, hakikisha kila feni inazunguka, kisha linganisha joto na lile la awali ukiwa katika kazi ileile.

Mambo ya kuepuka

Usitumie kompresa ya kujazia matairi. Mgandamizo wake hulaza mapezi, na hewa yake mara nyingi hubeba maji na mafuta. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Usimwagie rejeta maji ikiwa ndani ya kompyuta. Usichomoe mipira, wala usiing'oe pampu juu ya prosesa; ikishang'olewa, lazima ipakwe dawa mpya ya kupitisha joto.

Ukiona tone lolote au utando kwenye maungio ya mipira, usiwashe kompyuta. Kimiminika hicho hakinyweki na huweza kuwa na sumu. Kiwekwe mbali na watoto. Mtambo uliokwisha kazi usichomwe moto wala kutupwa ziwani.

Haki za mlaji kwa muuzaji na kwa fundi

Kabla ya kufungua kompyuta mpya, soma masharti ya waranti, kwani huenda kuvunja lakiri kukaifuta. Ununuapo kompyuta iliyokwishatumika, omba iwashwe na ifanyishwe kazi mbele yako kwa muda wa kutosha joto kupanda, na uchunguze maungio ya mipira.

Fundi akisema maji yabadilishwe, mwulize ni mtambo wa aina gani. Mitambo mingi huuzwa ikiwa imefungwa kiwandani, na haikukusudiwa kuongezwa maji. Ile yenye tangi lake hubadilishiwa kimiminika kwa maelekezo ya mtengenezaji, na si kwa maji ya bomba wala ya ziwa. Maji ya Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, na madini hayo huacha ukoko ndani ya vijibomba.

Fundi akisema pampu imekufa, omba akuonyeshe kipimo cha joto, na udai kifaa cha zamani baada ya matengenezo. Dai pia risiti ya EFD inayoeleza kazi iliyofanyika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mlalamikaji mwenye risiti na picha ana pa kuanzia.

Ratiba inayopendekezwa

Wakati wa kiangazi, kagua rejeta kila baada ya miezi miwili. Weka kompyuta mezani badala ya sakafuni, mbali na jiko la mkaa na mlango unaotazama barabara. Ifunike kwa kitambaa inapokuwa imezimwa tu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini rejeta huweza kuziba ilhali kasha linaonekana safi kwa nje?
2. Kompyuta imepata joto kali ghafla, lakini rejeta ni baridi. Je, tatizo ni vumbi?
3. Taja vitu viwili ambavyo mlaji anapaswa kuondoka navyo baada ya fundi kubadilisha pampu.