Kabla ya Kununua Mashine ya Figo, Hesabu Maji na Katoni

Mgonjwa wa figo wa Ekerenyo au Nyansiongo anayeenda kusafishwa damu mjini huondoka nyumbani kungali giza. Bodaboda hadi lami, matatu hadi mjini, kisha saa nne kitini mashine ikizungusha damu yake. Hurudi jioni akiwa hoi, na baada ya siku mbili tatu safari ni ile ile. Si ajabu basi kwamba mwana aliye Minnesota, ambako Wakisii wengi wanafanya kazi za uuguzi, hupiga simu na kusema: "Tata, huku watu wanasafishiwa damu chumbani mwao. Tufanye harambee tukununulie mashine."

Mashine hizo zipo kweli. Ile iitwayo NxStage iliidhinishwa kutumika nyumbani Marekani mwaka 2005. Lakini kabla kadi za mchango hazijachapishwa, familia ikae chini ipige hesabu, na ianze na maji.

Mashine ya kawaida ya hospitali hupitisha karibu nusu lita ya maji yenye dawa kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, sawa na mitungi sita ya lita 20, na hayo ni yale yaliyokwisha kuchujwa. Mtambo wa kuchuja humwaga mengine mengi. Gusii mvua tunayo. Shida ni usafi. Maji haya hayaendi tumboni, yanakaribiana na damu, na kinachoyatenga nayo ni utando mwembamba tu. Klorini ya maji ya mfereji, isiyodhuru chochote kikombeni, huvunja chembe nyekundu za damu ikivuka utando huo. Maji ya chemchemi nayo huwa na vijidudu vyake. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, sumu ya mwani iliingia kwenye maji ya kituo cha kusafisha damu, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa. Hicho kilikuwa kituo chenye wataalamu, sio chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu.

Halafu stima. Ikipotea katikati ya kazi, sehemu ya damu ya mgonjwa iko nje ya mwili, ndani ya mirija, na lazima mtu aizungushe pampu kwa mkono ili kuirudisha kabla haijaganda. Kwa hiyo kila mara awepo msaidizi aliyefunzwa kwa wiki kadhaa, asiyeogopa sindano wala damu. Jiulize kwa uaminifu ni nani huyo nyumbani kwenu, na kama atakuwepo pia siku za kuchuma chai.

Tena kuna malipo. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilianza na kiwango cha Sh10,650 kwa kila kipindi cha kusafishwa damu, badala ya Sh9,500 za awali. Pesa hizo huenda kwa hospitali yenye mkataba. Haziji kwa familia iliyojinunulia mashine. Ukiiweka nyumbani nje ya mpango wa hospitali, vichujio, mirija na sindano vyote vitatoka mfukoni mwako, wiki baada ya wiki.

Kuna njia nyingine ya nyumbani ambayo wengi hawaambiwi, nayo haihitaji mashine. Daktari huweka mrija laini tumboni. Mgonjwa huingiza lita mbili za maji maalumu kutoka kwenye mfuko ulioning'inizwa juu, anayaacha tumboni saa kadhaa yavute taka kupitia utando wa tumbo, kisha anayatoa na kuweka mapya. Kwa kawaida ni mara nne kwa siku, nusu saa hivi kila mara. Hapigwi sindano wala hategemei stima. Anaweza kwenda shambani asubuhi na kanisani Jumamosi au Jumapili bila kuuliza kituo kina nafasi lini.

Hatari yake kubwa ni uambukizo tumboni. Mtengee kona safi, funga mlango na madirisha wakati wa kubadilisha, kuku na watoto wakae nje, mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri. Baridi ya Nyamira isikushawishi kutumbukiza mfuko kwenye sufuria ya maji ya moto. Unyevu hubeba vijidudu hadi kwenye kiungo cha mrija. Maji yakitoka yamefanana na ya mchele, au tumbo likiuma na homa kupanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukibeba mfuko wa maji yaliyotoka. Njia hii haimfai kila mtu. Aliyepasuliwa tumbo mara nyingi au mwenye ngiri atahitaji ushauri wa pekee, na mwenye kisukari ajue kwamba maji hayo yana sukari.

Kuhusu chakula, jambo linalowauma watu wetu kuliko sindano: ndizi, parachichi, managu na chinsaga vina potasiamu nyingi, ambayo figo iliyochoka haiwezi kuitoa. Anayesafishwa kila siku kupitia tumboni mara nyingi huruhusiwa zaidi kidogo kuliko anayesubiri siku tatu. Hata hivyo vipimo vya damu viamue, sio hamu.

Sasa kwa anayeona biashara hapa. Mashine ni kama jiko la gesi: faida iko kwenye kujaza mitungi. Kwa njia ya tumboni, mgonjwa mmoja wa mifuko minne kwa siku hutumia 120 kwa mwezi, lita 240, mzigo wa katoni wa zaidi ya kilo 240 unaopaswa kupanda mlima hadi mlangoni kwake hata barabara ikiwa tope. Mifuko hiyo huagizwa kutoka nje, hivyo bei hufuata dola. Thailand, ilipoifanya njia ya tumboni kuwa ya kwanza katika bima yake mwaka 2008, ilitumia posta kufikisha mifuko vijijini. Hong Kong inaitanguliza tangu 1985. Kote huko soko lilijengwa na serikali kununua kwa wingi. Ningekuwa na mtaji Keroka, nisingeagiza mashine kuukuu kutoka ng'ambo, ambayo vipuri vyake huenda havipatikani na ambayo Bodi ya Famasia na Sumu haijaisajili. Ningenunua gari dogo na ghala kavu, nimsomeshe fundi wa mitambo ya maji, kisha niombe hospitalini zabuni ya kusambaza mifuko na kutunza mitambo hiyo.

Mgonjwa, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa njia zote za tiba zilizopo, hatari zake na gharama zake. Siku ya kliniki ijayo muulize daktari wa figo: "Je, tumbo langu linafaa?" Kisha pita dawati la SHA, uulize kama mifuko inalipiwa, na uombe jibu hilo kwa maandishi.