Ulizia kuku wa jirani

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Walikale, nauza mawese Goma. Nimechoka kupanga. Komisioneri amenionyesha nyumba ya mbao upande wa Mugunga: mabati mapya, shule na soko karibu, magari ya Sake yanapita pale pale. Iko bondeni kidogo, na bei ni karibu nusu ya zile za juu. Baba watoto anasema tulipe kabla mwingine hajaichukua. Unasemaje?

JIBU: Mama, hongera. Mtu aliyehesabu bidoni za mawese mpaka zikawa bei ya nyumba hafundishwi biashara. Ndiyo maana nashangaa neno “bondeni” umelipitia mbio hivyo. Mimi naanzia hapo.

Kandokando ya ziwa, kutoka Goma kwenda Sake, kuna mazuku. Kwenu Walikale, kwenye msitu na mito, huenda hukulelewa ukiliogopa neno hilo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ndani ya ardhi ya volkano. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali ambapo mtoto, au mbuzi anayekula majani, ataanguka. Lava tumeizoea: mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, watu wakajenga juu yake. Lakini lava unaiona ikija.

Rudi kule mchana, bila komisioneri, uongee na wamama wa avenyu ile. Kuku wao wanalala wapi? Kuna mbuzi waliokutwa wamekufa asubuhi bila kuugua? Waliokaa nyumba hiyo walihama kwa nini? Na choo kilipochimbwa, wachimbaji walitoka wazima? Akitokea mtu wa kukwambia ujaribu kwa kibatari, usimsikilize. Gesi inaweza kukudhuru kabla moto haujazimika. Waulize wa OVG, wale wanaochunguza volkano ya Nyiragongo. Wakikuambia mazuku ipo, iache nyumba hata ukipewa bure.

Wakisema haipo, tuje kwenye maji. Mawe ya lava yanakunywa mvua yote, kwa hiyo shule jirani haitakusaidia kama bidoni ya lita 20 inapanda chukudu kutoka mbali. Uliza bei yake ya kiangazi, si ya leo. Mabati mapya bila mifereji na tangi ni pambo tu.

Halafu karatasi. Fishi ya kartiye si cheti. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Tangu waasi wa M23 wauchukue mji Januari 2025, mimi ningedai kuona karatasi za kabla ya hapo na kumpa mwanasheria azisome. Hakikisha pia muuzaji ndiye mwenye nyumba, si mlinzi wa nyumba ya mtu aliyekimbia. Mkiandikisha, jina lako liwemo, maana mawese ni yako.

Na kwa kuwa baba watoto ndiye mwenye haraka, mtume yeye akaulizie kuku.