Makucha ya Trekta: Tupime Kabla ya Kununua

Katika somo hili tunaangalia kifaa ambacho wakulima wameanza kukiulizia: makucha ya trekta. Ni chuma chenye meno, kinachofungwa kwenye mikono ya mbele ya trekta ndogo. Kinafunguka na kufumba kama kiganja, kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Kinakamata matawi, magogo na mawe na kuyahamisha bila mtu kuyagusa.

Sisi tumezoea trekta ya kuvuta: jembe la diski, haro, trela. Trekta ya kuinua ni jambo lingine. Anayedhani ni kazi ileile ndiye anayeumia.

KWA NINI MAKUCHA?

Tuanzie Marigat. Mti wa mathenge uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na ardhi ipate kifuniko. Ukaenea mpaka ukafunga malisho na njia za mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akapelekwa kortini. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu.

Aliyewahi kufyeka mathenge anajua kwamba kukata si taabu sana. Taabu ni kuhamisha yale matawi. Mwiba wake unatoboa kandambili, unatoboa hata gurudumu, na kidonda chake hakiponi haraka. Huku juu, Njoro, Molo na Subukia, tuna shida nyingine: magogo ya mikaratusi na misaiprasi, na mawe yanayovunja majembe. Vijana wanayainua kwa mgongo, na mgongo hauna spea.

Kwa hivyo makucha ni msaada wa kweli. Lakini sikilizeni neno moja kabla hamjachanga pesa.

MAKUCHA HAYAONGEZI NGUVU, YANAPUNGUZA

Siku moja tulialikwa kuona makucha mapya ya kikundi fulani. Fundi alikuwa ameyachomelea kwa chuma kinene, na kila mtu akasifu: "Haya hayavunjiki!" Kweli, hayakuvunjika. Gogo la kwanza lilipoinuliwa, magurudumu ya nyuma yaliachana na ardhi. Dereva alikuwa mtulivu, akateremsha mzigo polepole, akazima injini. Hakuna aliyeumia. Lakini pesa za wanakikundi zilikuwa zimekwisha kulala pale kwenye chuma.

Kosa lilikuwa nini? Hawakupiga hesabu. Hebu tuipige pamoja.

Tuseme kitabu cha trekta kinasema mikono ya mbele inaweza kuinua kilo 500. Makucha yenyewe yana kilo 160. Zimebaki 340. Tena, kipimo cha kitabu mara nyingi huchukuliwa penye pini, pale mikono inapoishia. Mzigo wenu utakaa mbele ya pini, na kila ukisogea mbele trekta inauona mzito zaidi. Basi kwa usalama tuhesabu kilo 250 tu.

Sasa gogo. Mkaratusi mbichi una uzito karibu sawa na maji, yaani mita moja ya ujazo ni kama tani moja. Gogo la urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 30 lina kilo 210 hivi. Hilo litabebeka. Lakini gogo la urefu uleule lenye upana wa sentimita 40 lina kilo 380 hivi. Kwa macho limezidi kidogo tu. Kwa mizani karibu mara mbili. Hilo likateni vipande viwili kwanza.

Na kama makucha yangekuwa na kilo 250 badala ya 160? Mngebakiwa na nguvu ya kubeba kuni za kupikia tu.

MAMBO YA KUTAZAMA WAKATI WA KUCHAGUA

1. Kazi yenu ni ipi? Kwa matawi ya mathenge na visiki vilivyokwisha kung'olewa, chagueni makucha yaliyo wazi chini, udongo uanguke wenyewe. Kwa samadi na takataka ndogo, yanayofaa ni yale yenye koleo zima chini. Msinunue kwa sababu jirani amenunua.

2. Uzito. Kati ya makucha mawili yanayoweza kazi yenu, chukueni yaliyo mepesi. Mkitengenezesha kwa fundi wa jua kali, mpeni uzito msiotaka kuupita kabla hajakata chuma, kisha myapime kwenye mizani kabla ya kulipa pesa ya mwisho.

3. Upana. Yatoshe kufunika njia ya magurudumu, basi. Yakizidi sana yatagonga miti na kupindisha mikono.

4. Kidole kimoja au viwili? Vidole viwili vinavyofumba kila kimoja peke yake hushika vizuri mzigo usio sawa, upande mnene na upande mwembamba. Lakini ni vizito na vya bei zaidi. Kwa trekta ndogo kabisa, kidole kimoja kipana kinatosha.

5. Njia ya mafuta. Mikono ya mbele ina kazi mbili tu: kupanda na kushuka, na kuinamisha. Makucha yanataka njia ya tatu ya mafuta ili yafumbe. Muulizeni muuzaji: trekta yetu inayo? Kama haina, gharama ya kuiweka iingie kwenye bajeti mapema.

KUTUMIA BILA KUUANA

Kwanza, uzito wa nyuma. Usiinue chochote mbele bila kitu kizito nyuma. Nusu ya drumu la lita 200 ikijazwa zege ina kilo kama 240. Ifungwe imara kwenye mikono mitatu ya nyuma. Kiasi kamili kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha trekta.

Pili, beba chini. Ukishakamata mzigo, tembea nao ukiwa chini, futi moja hivi kutoka ardhini. Ukiuinua juu, trekta inakuwa kama mtu aliyejitwika pipa kichwani akipita kwenye utelezi. Tena gogo likiwa juu linaweza kubingirika juu ya mikono hadi kwa dereva.

Tatu, mteremko. Ukiwa na mzigo mbele, panda kilima ukitazama juu, na ukishuka shuka kinyumenyume, mzigo ubaki upande wa juu. Usikate mteremko kwa ubavu. Ndugu zetu wa milima ya Subukia na Molo, hili ni lenu.

Nne, mkanda. Kama trekta ina chuma cha kumkinga dereva ikipinduka, afunge mkanda kila siku. Kama haina chuma hicho, asifunge.

Tano, watu. Asisimame mtu chini ya mikono wala karibu nayo, hata kwa dakika moja, hata mwenye trekta. Dereva akishuka, makucha yawe yamelala chini na injini imezimwa.

Sita, mafuta. Mpira ukivuja usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Pitisha kipande cha kartoni. Yakimwingia mtu, aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba.

Saba, usitumie makucha kung'oa kisiki kilicho hai. Chimbeni pembeni, kateni mizizi, ndipo yakamate. Na kabla ya kuingia kichakani, tazameni kama kuna nyuki.

TUSISAHAU MATHENGE

Makucha yanahamisha matawi, hayamalizi mti. Shina likiachwa linachipua tena, kwa hivyo likatwe chini ya udongo. Wala msihamishe matawi yenye maganda kwenda shamba safi. Mtakuwa mmepanda mathenge kwa mafuta yenu wenyewe.

Kwa jumla, trekta ndogo inafanya kazi kubwa ikibeba kidogo mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa mwaka mzima, ni siku ngapi tutakuwa na kazi ya makucha? Je, tununue, tukodi, au tushirikiane na kikundi kingine?

2. Mikono ya trekta yetu inainua kilo ngapi? Nani atasoma kitabu na kutuletea jibu mkutano ujao?

3. Pimeni kwa utepe magogo matatu yaliyoko shambani na mkadirie uzito wake. Lipi tutabeba zima, na lipi tutakata?

4. Nani ataendesha, na nani ana ruhusa ya kumwambia, "Simama, mzigo umezidi"? Mtu huyo achaguliwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi.