Ukumbusho Bila Mkumbushwa: Sarafu za Michezo na Maandishi Yake

1. Utangulizi

Mjomba wangu ni mwamuzi wa mpira wa miguu katika mashindano ya mitaa hapa Goma. Mwamuzi anahitaji vitu vitatu: filimbi, kadi na sarafu ya kupigia kura kabla ya mchezo. Filimbi na kadi hupatikana sokoni. Sarafu ndiyo shida, kwa sababu faranga ya Kongo tunayoishika kila siku ni noti tupu. Kizazi changu hakikuwahi kulipia hata andazi kwa sarafu ya nchi yetu. Basi ndugu na marafiki waliosafiri walianza kumletea sarafu za huko walikokwenda, na kwa kuwa waliijua kazi yake, walimchagulia zenye picha za michezo. Leo kopo lake la biskuti limejaa.

Mwanzoni mwa 2025, benki za Goma zilipofunga milango na noti zikawa adimu mjini, mjomba alinipa sarafu moja niiuze ili tumalizie karo ya mdogo wangu. Ni kubwa, ina rangi ya fedha, nayo ilinunuliwa Ubelgiji. Upande mmoja una simba, thamani ya faranga 10 na jina la nchi yetu kwa Kifaransa. Upande wa pili una mpira wa miguu na Kombe la Dunia la 2006. Nilimpelekea mama mmoja anayebadilisha pesa kando ya barabara. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia.

"Mutoto yangu, iyi haiko franga. Iko kitu ya kuangalia tu."

Niliporudi nayo, mjomba hakukasirika. Aliuliza tu: "Jina ya inchi yetu iko juu. Sasa juu ya nini haiko franga?"

Makala hii inajaribu kumjibu kwa zana za fani yetu. Data yangu ni sarafu za kopo hilo. Nitaanza na majina ya kitu chenyewe, nipite kwenye kitenzi "kumbusha", kisha nisome maandishi ya sarafu chache.

2. Majina ya kitu chenyewe

Kiswahili kina maneno mengi ya pesa, na karibu yote yaliingia na sarafu fulani mkononi. "Pesa" imetokana na paisa ya Bara Hindi. "Hela" ni Heller ya Wajerumani, iliyotumika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu 1904. "Fedha", ambayo sisi hapa tunaitamka "feza", ni neno la Kiarabu la madini ya fedha. "Sarafu" nayo ina mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha pesa. Katika Kiarabu mbadilishaji mwenyewe huitwa sarrafu. Kwa hiyo yule mama wa kando ya barabara, ambaye hakutumia neno "sarafu" hata mara moja, ndiye mwenye neno hilo kwa asili yake.

Kwetu Kongo kuna mfano mzuri zaidi. Mwaka 1967 serikali ilianzisha zaire, na zaire moja iligawanywa katika makuta 100. Umoja ulikuwa likuta, wingi makuta. Mwanafunzi wa ngeli ataona mara moja kwamba fedha ya taifa ilipewa viambishi vya Kibantu, wakati faranga ilikuwa imekuja na jina lake la Ulaya. Zaire imekufa na faranga imerudi tangu 1998, lakini "makuta" bado yako midomoni kwa maana ya pesa kwa jumla. Likuta moja haiulizwi tena: wingi umebaki, umoja umepotea pamoja na sarafu yake.

Ukivuka Petite Barrière kwenda Gisenyi utakutana na neno lingine, igiceri, wingi ibiceri, la sarafu za Rwanda ambazo bado zinatumika madukani. Waamuzi wengi wa mitaa yetu hupiga kura kwa hizo hizo. Funzo la sehemu hii ni fupi: katika maneno haya yote, kitu kiliitwa pesa kwa sababu watu walikipokezana. Jina lilifuata mkono. Hakuna hata moja lililoanzia kabatini.

3. Kumbukumbu au ukumbusho?

Sarafu inayotolewa kwa heshima ya tukio tuiiteje? Wapo wanaosema "sarafu ya kumbukumbu", wapo wanaosema "sarafu ya ukumbusho". Mara nyingi tunayachukulia maneno haya kuwa sawa. Mofolojia inasema sivyo.

"Kumbukumbu" ni nomino ya uradidi kutoka "kumbuka". Mtu anaweza kuwa na kumbukumbu akiwa peke yake chumbani. "Ukumbusho" unatoka katika "kumbusha", kitenzi cha kusababisha, nacho hudai washiriki watatu: anayekumbusha, anayekumbushwa na jambo linalokumbushwa. Tunasema "Mama alinikumbusha ahadi". Ondoa mmoja wa watatu hao na msikilizaji atauliza: nani? nini?

Napendekeza tutumie "sarafu ya ukumbusho", kwa sababu neno hilo linatulazimisha kuuliza swali la washiriki watatu mbele ya kila sarafu: nani anamkumbusha nani jambo gani? Jibu lipo katika maandishi: lugha iliyochaguliwa, jina la mahali, na njia ambayo sarafu ilipita kumfikia mtu.

4. Kusoma sarafu tatu

Sarafu ya kwanza ni mark 10 za Ujerumani Magharibi kwa Olimpiki ya 1972. Toleo la kwanza liliandikwa kwamba michezo ni "in Deutschland", yaani katika Ujerumani. Ujerumani Mashariki ililalamika: Olimpiki hupewa mji, haipewi nchi, na Ujerumani wakati ule zilikuwa mbili. Matoleo yaliyofuata yaliandikwa "in München". Kilichobadilika ni nomino moja tu ya mahali, lakini mzozo huo unaonyesha kwamba maandishi ya sarafu husomwa, na kwamba aliyetajwa ana haki ya kujibu. Kopo la mjomba lina ile ya "in Deutschland". Aliihifadhi kwa ajili ya picha. Mimi nimeipenda kwa ajili ya nomino ya mahali.

Ya pili ni ya Uingereza, ya peni 50. Mwaka 2011, kuelekea Olimpiki ya London, zilitolewa sarafu 29 za aina hiyo, kila moja na mchezo wake, nazo zikaingia katika matumizi ya kawaida. Ile ya mpira wa miguu imechorwa kama ubao wa mwalimu: wachezaji wamewekwa mahali pao ili kueleza nani ameotea na nani hajaotea. Watanzania husema "kuotea". Sisi Goma tunasema "hors-jeu" kama Wafaransa. Mkumbushwa hapa yuko wazi: ni mtu anayelipa nauli, anayeweza kubishana na jirani yake juu ya mchoro ulio kiganjani. Mjomba huitumia kuwafundisha waamuzi vijana.

Ya tatu ni yetu, ile ya faranga 10. Nani anakumbusha? Jina lililoandikwa ni la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jambo gani? Kombe la Dunia la 2006, ambalo timu yetu haikucheza. Nani anakumbushwa? Lugha ni Kifaransa peke yake. Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba havimo. Na njia yake ilianzia kwa mfanyabiashara wa Ulaya ikaishia kwa mkusanyaji wa huko huko. Kufika kwake Goma ni ajali ya urafiki. Sarafu za namna hii, zenye wanyama, meli na michezo, zimetoka nyingi kwa jina la nchi yetu bila kupita katika soko lolote la hapa.

Sitaki kusema kwamba biashara yenyewe ni aibu. Kanada ilitoa sarafu 28 za fedha kabla ya Olimpiki ya Montréal ya 1976, na mauzo yake yalikusudiwa kusaidia gharama za michezo. Tofauti ni kwamba mji wa Kanada ndio uliokuwa mwenyeji. Kwetu, kiima kimekopeshwa: jina letu limekaa mahali pa mtendaji, lakini tendo si letu na mkumbushwa si sisi. Yule mama alisoma sentensi hiyo kwa vidole vyake na akaona haina mtu wa hapa ndani yake.

5. Jambo lililostahili

Tulikuwa na ya kukumbushana. Timu ya nchi hii ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1968, na tena 1974 nchini Misri, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Mwaka huo huo wa 1974, Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa mechi zote tatu, moja kwa mabao 9 kwa 0 na Yugoslavia, na wazee wetu bado wanaisimulia kwa kucheka na kuumia pamoja. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo Muhammad Ali alimshinda George Foreman mjini Kinshasa. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter Milan. Hakuna hata moja ya hayo katika kopo la mjomba. Kumbukumbu tunazo, ukumbusho wa chuma hatuna.

6. Hitimisho

Kwa wenzangu wanaokusanya sarafu, au wanaozikuta kwa babu zao, nina ombi la kikazi. Msiandike nchi, mwaka na thamani tu. Andikeni lugha zote zilizomo, umbo la jina la mahali, nani aliyelengwa, na ilipita kwa nani hadi ikafika. Na muulizeni mwenye nayo anaiitaje kwa lugha yake ya nyumbani. Huko kuna data ambayo katalogi haina.

Mjomba nilimjibu hivi: haiko franga kwa sababu haikuandikwa kwetu. Alinyamaza kidogo, akaichukua. Karo tuliipata baadaye, kwa kuuza redio.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumtazama akichezesha mechi huko Himbi. Aliwaita manahodha wawili katikati ya uwanja, akatoa ile sarafu ya faranga 10 mfukoni, akamwonyesha kila mmoja pande zake.

"Simba ao mupira?" aliuliza.

Nahodha wa kushoto alichagua simba. Sarafu ikarushwa juu, na vijana ishirini na wawili wakainua vichwa kuiangalia.