Homa Baada ya Upasuaji wa Ini Isingojewe Nyumbani



Mwezi huu tuzungumze juu ya maambukizo yanayompata mgonjwa aliyepasuliwa kansa ya ini. Wagonjwa wa namna hii si wengi katika parokia zetu. Wengi wenye kansa ya ini hufika hospitali wamechelewa, tumbo limejaa maji na macho ni ya manjano, na hapo daktari hawezi tena kuukata uvimbe. Kwa hiyo yule aliyewahi, akapelekwa hospitali ya rufaa na kupasuliwa, amepata nafasi ambayo wenzake wengi waliikosa. Inasikitisha sana akiipoteza kwa sababu ya usaha.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu baba mmoja, mkulima, siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka rufaa. Nilimbadilishia bandeji, mshono ulikuwa mkavu. Nikamwambia, "Baba, nenda ukapumzike, utapona." Sikumwambia neno lolote juu ya homa, na jambo hilo hunisumbua mpaka leo. Siku ya tatu akaanza kutetemeka kwa baridi. Nyumbani wakasema ni malaria, wakanunua dawa dukani pamoja na panadoli. Homa ikashuka, ikapanda tena. Siku ya sita ndipo walipomleta, hawezi kusimama. Utrasaundi ikaonyesha jipu kubwa chini ya ini, wakati mshono kwa nje ulikuwa safi kabisa.

Kwa nini ini liwe na hatari hii? Damu yote itokayo matumboni hupita kwanza katika ini, na humo mna chembe hai zinazokamata vijidudu vilivyoponyoka kutoka utumbo. Kipande kikikatwa, chujio hilo limepungua. Ini lenye afya lina ajabu yake: hata likiondolewa zaidi ya nusu, lililobaki hukua tena kwa majuma na miezi. Lakini wagonjwa wetu wengi wa kansa hii waliugua kwanza homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi bila kujua, au walikunywa pombe sana, na ini lao limekuwa gumu, lenye makovu. Ini la namna hiyo hukua kwa shida. Tena ini hutengeneza nyongo. Pale palipokatwa nyongo yaweza kuvuja na kutuama tumboni, na vijidudu vikiingia humo huzaliana upesi.

Maambukizo mengine huingia kwenye mshono wenyewe, na mengine kwenye mapafu. Mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi kwa nguvu kwa sababu ya maumivu, analala chali siku nzima, makohozi yanaganda, na nimonia inaingia.

Mgonjwa aliyeambukizwa hukaa hospitali muda mrefu zaidi. Vijidudu vikisambaa katika damu, ini lililobaki laweza kushindwa kazi, na hapo maisha yamo hatarini. Kuna na jingine. Uchunguzi mwingi, hasa kutoka nchi za Asia ambako kansa hii ni nyingi, umeonyesha kwamba waliopata maambukizo baada ya upasuaji huelekea kurudiwa na kansa mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo usaha tunaouona leo waweza kumpunguzia mgonjwa miaka yake ya mbele.

Basi, kwa siku 30 baada ya upasuaji, mrudisheni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo mkiona homa au kutetemeka, mshono kuwa mwekundu, wa moto au kutoa majimaji, tumbo kuvimba au kuuma upya, macho kuwa manjano, kupumua kwa shida, au kuchanganyikiwa. Kama ametoka na mrija tumboni, angalieni rangi ya kinachotoka: kikibadilika kuwa kijani, manjano au usaha, njooni. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, mwambieni mganga kwamba huyu amepasuliwa ini, ili amchunguze na tumbo. Msimpe panadoli kimyakimya, maana hushusha homa huku jipu linaendelea kukua. Na dawa nyingine za maumivu za dukani, kama diklofenaki, zaweza kuharibu figo za mtu mwenye ini gumu.

Kidonda kisiwekwe majivu, wala majani, wala ule unga wa kapsuli za rangi mbili ambao naukuta kwenye vidonda karibu kila juma. Anayebadilisha bandeji anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla na baada. Antibiotiki alizoandikiwa azimalize, asigawane na jirani.

Mkalisheni kitandani, ashikilie mto juu ya tumbo, avute pumzi ndefu na kukohoa, mara kadhaa kila saa akiwa macho. Atembee kidogo kila siku. Ale mayai, maharage, dagaa; kumnyima vyakula hivi eti "ini halitaki" ni kumdhoofisha, isipokuwa daktari amekataza. Pombe, hapana, hata ya mbege.

Wanajumuiya wakija kusali, na waje, ila wasikae kitandani wala kufunua mshono ili kuutazama (mnacheka, lakini hufanyika). Mwenye mafua asalie kwake.

Yule baba tulimrudisha rufaa usiku uleule. Walipitisha mrija kwenye ngozi, usaha ukatoka, akachomwa sindano kwa majuma kadhaa. Alirudi nyumbani amekonda, na msimu wa kulima ulikuwa umempita. Tangu hapo kila anayetoka wodini kwetu na mshono wa tumbo huondoka na kikaratasi cha dalili hizi, na tarehe ya siku ya 30 nimeiandika juu kwa kalamu nyekundu.