Dondoo muhimu: Kompyuta ya sebuleni, anza na televisheni

Ukitaka kompyuta moja ya sebuleni kwa gemu na filamu, usikimbilie kununua kadi ghali ya picha. Kagua televisheni kwanza. Ukibonyeza kitufe na mhusika wa gemu akachelewa kuruka, mara nyingi chanzo ni televisheni inayoipamba picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya gemu kwenye menyu yake, kisha chomeka waya wa HDMI kwenye tundu la kadi ya picha, si lile lililo karibu na matundu ya USB (kosa la kawaida mno). HDMI 2.0 hubeba 4K kwa picha 60 kwa sekunde. Ukitaka 120, kadi na televisheni zote ziwe na 2.1. Wapo wanaodai hali ya gemu hufifisha filamu. Kweli kiasi, lakini kuizima ni kazi ya rimoti tu, ilhali kadi ikishauzwa aghalabu hairudishwi.